Nyimbo au okestra: nini hasa kinachoibeba filamu ya katuni?

Kwa filamu za 1989 hadi 1994, tuzo ya Oscar ya muziki bora wa filamu ilitolewa mara sita, na mara nne ilikwenda kwa katuni za Disney: The Little Mermaid, Beauty and the Beast, Aladdin na The Lion King. Tatu za kwanza zilitungwa na Alan Menken, ya nne na Hans Zimmer. Manung'uniko yaliyofuata hayakuwa ya kijicho kitupu. Mpiga kura anayetoka ukumbini huku kiitikio kikimcheza kichwani anaweza kumpa mtunzi kura kwa sababu ya nyimbo, ilhali nyimbo zina tuzo yake na inatolewa usiku huohuo. Kuanzia filamu za 1995, tuzo ya muziki ikagawanywa mafungu mawili: tamthilia huku, muziki na vichekesho kule. Menken akashinda tena katika fungu jipya, kwa Pocahontas. Mgawanyo ulidumu miaka minne tu, kisha ukafutwa.

Swali lililoleta mgawanyo ule bado halijajibiwa. Katuni ya familia inabebwa na nyimbo wanazoimba wahusika, au na muziki wa usuli, yaani ule wa okestra na kwaya unaopita chini ya picha bila mhusika yeyote kufungua kinywa?

Tofauti inaanzia kwenye utaratibu wa kazi. Wimbo hutangulia mchoro. Mtunzi hurekodi jaribio kwa piano. Likikubaliwa, mwigizaji huingia studio akaimba. Sauti yake huchambuliwa fremu kwa fremu, yaani picha moja moja ya filamu, kwenye karatasi ya mchoraji, kila silabi ikiandikwa mahali pake, ndipo mdomo uchorwe. Sekunde moja ina fremu 24, kwa hiyo wimbo wa dakika tatu ni fremu 4,320. Ukibadili ubeti mmoja baada ya hapo umetupa kazi ya kundi zima la wachoraji.

Muziki wa usuli huja mwishoni, picha ikiwa imeshakatwa. Mtunzi na mwongozaji huitazama filamu pamoja na kukubaliana muziki uingie wapi, utoke wapi. Halafu zinaanza hesabu. Wanamuziki husikia mlio wa kuhesabia masikioni, na kasi yake hupatikana kwa kugawanya 1,440 kwa idadi ya fremu kati ya mlio mmoja na unaofuata: fremu 12 ni mapigo 120 kwa dakika, fremu 16 ni 90, fremu 12 na nusu ni 115.2. Nusu fremu inaonekana si kitu. Lakini ukihesabu mapigo 120 kwa fremu 12 na nusu badala ya 12, pigo la mwisho linachelewa sekunde mbili na nusu, na mlango uliotakiwa kufungwa pamoja na kishindo cha ngoma umeshafungwa kitambo. Somo hili lilijulikana tangu Steamboat Willie, katuni ya Mickey Mouse ya 1928. Okestra ilishindwa kwenda sambamba na picha katika kipindi cha kwanza cha kurekodi, ikabidi filamu iwekewe alama ya mpira unaodunda ili kiongozi wa bendi aufuate, kikafanyika kipindi cha pili.

Usahihi huo ukizidi nao ni ugonjwa. Mhusika akipanda ngazi, filimbi inapanda. Akianguka, tromboni inaanguka. Hollywood iliipa tabia hiyo jina la kejeli kutokana na Mickey Mouse mwenyewe. Inafaa dakika saba za kichekesho. Kwa dakika 80 inachosha.

Sasa nyimbo. Hoja yao yenye nguvu kuliko zote ni kubana muda. Katika The Lion King, Simba anaingia kwenye "Hakuna Matata" akiwa mtoto mwenye majonzi na anatoka akiwa dume lenye manyoya shingoni. Miaka inapita juu ya gogo moja, mwezi ukiwa nyuma. Muziki mtupu ungeweza kuonyesha kwamba amekua, lakini usingetueleza amelelewa kwa falsafa gani, na falsafa hiyo ndiyo atakayolazimika kuiacha baadaye.

Hoja ya pili ni kwamba wimbo unaweza kuwa kiungo cha kisa. The Little Mermaid ni mfano bora kuliko wowote. Wimbo wa nguva Ariel wa kutamani maisha ya nchi kavu ulitaka kuondolewa baada ya watoto kuonekana kuhangaika vitini katika onyesho la majaribio. Jeffrey Katzenberg wa Disney alikuwa tayari kuukata. Howard Ashman, mwandishi wa maneno, na mchoraji Glen Keane walikuwa miongoni mwa waliokataa. Ungekatwa, filamu ingekufa. Mwanamfalme anamjua mwokozi wake kwa sauti inayoimba tu. Mchawi anaiba sauti, na tunachokiona kikitoka kooni mwa Ariel ni uimbaji wenyewe, bila maneno. Mchawi huyohuyo anapotokea ufukweni kwa sura ya msichana mgeni, sauti ile ndiyo inayompumbaza mwanamfalme. Mwizi, ushahidi na hukumu, vyote vinapita kwenye uimbaji mmoja.

Hapo pana siri ya Menken ambayo wapinzani wake kwenye zile tuzo hawakuipa uzito wa kutosha. Aliyetunga wimbo ndiye aliyetunga muziki wa usuli, kwa hiyo mahadhi ya wimbo huendelea kufanya kazi baada ya wimbo kwisha. Vipande viwili vya ala za nyuzi vinatosha kumkumbusha mtazamaji hamu ya Ariel. Kusema nyimbo ziliupandisha usuli bei si uongo, ila ni nusu ya habari, maana vilikuwa kitu kimoja tangu mwanzo.

Gharama za nyimbo nazo si ndogo. Mwigizaji mzuri si lazima awe mwimbaji. Simba mmoja ana watu wanne ndani yake: Jonathan Taylor Thomas anazungumza utotoni na Jason Weaver anaimba, ukubwani Matthew Broderick anazungumza na Joseph Williams anaimba. "Be Prepared", wimbo wa Scar, ami mwovu wa Simba, alianza Jeremy Irons, na sehemu ya mwisho ikamaliziwa na Jim Cummings baada ya sauti ya Irons kushindwa. Mshono usipofichwa vizuri, sikio la mtoto linaugundua kabla ya la mzazi.

Wimbo pia una mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuja kudai. Katika filamu hiyohiyo Timon na Pumbaa, marafiki wachekeshaji wa Simba, wanaimba kidogo tu "The Lion Sleeps Tonight", wimbo uliotokana na "Mbube" wa Solomon Linda wa Afrika Kusini, uliorekodiwa 1939. Linda alikufa maskini 1962. Warithi wake walifungua kesi 2004, na wakapatana na waliokuwa wakidai haki za wimbo mwaka 2006. Sekunde chache za mzaha zilizaa kesi ya miaka miwili, na ilikuwa haki kabisa ije.

Halafu kuna mvutano wa madaraka. "Can You Feel the Love Tonight" wakati fulani ulipangwa uimbwe na Timon na Pumbaa kama kichekesho. Elton John, aliyetunga mahadhi yake, akapinga, ukarudishwa kwa wapenzi huku vichekesho vikibaki mwanzoni na mwishoni. Nadhani matokeo ni mazuri, lakini yametokana na uzito wa jina la mtunzi, na si kila mwenye jina kubwa huwa na hoja ya kisa.

Nyimbo tano za The Lion King zinachukua kama dakika 17 kati ya 88, na zote zinaisha karibu na mwanzo wa theluthi ya mwisho. Baada ya wapenzi kuimba, hakuna tena wimbo mkubwa wa wahusika. Mzimu wa Mufasa, baba yake Simba, mawinguni, safari ya kurudi, vita na Scar, kupanda mwamba: yote hayo yanabebwa na Zimmer pamoja na kwaya za Lebo M, mwanamuziki wa Afrika Kusini, ambaye ndiye mwenye mwito wa Kizulu unaofungua filamu. (Majina kadhaa ya wahusika ni yetu, kwaya si yetu, wengi huku pwani hudhani vyote vimetoka kwenye chungu kimoja.)

Mkanyagano wa nyumbu unaonyesha jinsi kazi hiyo inavyofikiriwa. Kwato zinajaza sauti zote za chini, kwa hiyo besi na ngoma nzito zikipigwa hapo zinamezwa. Kinachopenya ni kwaya na tarumbeta, na ndizo zinazoongoza. Kisha vumbi linatulia, na mahadhi ya polepole ya baba na mwana yanaingia juu ya maiti ya Mufasa. Mahadhi hayo yanarudi mawinguni, na yanarudi tena Simba anapopanda mwamba. Mtoto wa miaka mitano hawezi kueleza kwa nini anasisimka mara ya tatu. Mtunzi anaweza, kwa kuwa alimwekea kumbukumbu ile mara ya kwanza. Wimbo wa maneno pale penye maiti ungekuwa aibu.

Upande huu unao mfano uliokamilika zaidi: Up ya 2009. Michael Giacchino anachukua mahadhi mamoja ya mwendo wa waltz, wa mapigo matatu-matatu, na kuyapitisha katika maisha ya ndoa kwa dakika kama nne bila mazungumzo. Yanaanza kwa uchangamfu na tarumbeta iliyozibwa mdomo, yanapungua ala moja baada ya nyingine, yanaishia kwenye piano peke yake. Ilipata Oscar bila mhusika kuimba ubeti mmoja wa kumtafutia kura.

Udhaifu wa muziki wa usuli hauonekani haraka, na ndiyo hatari yake. Wahariri hukata picha wakitumia muziki wa muda uliochukuliwa kwenye filamu nyingine. Mwongozaji anausikia kwa miezi, anauzoea, na mtunzi akifika anaombwa atunge kitu kinachofanana nao kama pacha. Ndiyo maana katuni nyingi za kisasa zina mbio zinazosikika kama mbio za filamu ya mwaka uliopita. Na mtoto haondoki ukumbini na chochote cha kuimba akioga nyumbani.

Njia ya kati ipo: mwimbaji wa nje. Randy Newman anaimba Toy Story ya 1995 huku midoli ikifunga mdomo, na Phil Collins anaimba karibu Tarzan yote ya 1999. Inaokoa midomo, ila wimbo unageuka maelezo ya mtu asiyekuwemo kwenye kisa.

Kwa msikilizaji wa Kiswahili mizani inaelemea upande mmoja. Kwenye vibanda vya video, mtafsiri anayezungumza juu ya filamu huweza kufukuzana na mazungumzo, lakini wimbo ukianza ama ananyamaza na maana inapotea, ama anaendelea na wimbo unaharibika. Kuutafsiri rasmi ni kazi ngumu zaidi. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja. Sisi "nakupenda" peke yake ni silabi nne, na mkazo hautoki kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mahadhi yakiishia kwenye noti ndefu ya juu, mwimbaji analazimika kuvuta silabi isiyo na mkazo. Waimbaji wa taarabu wanaivuta bila tabu kwa kuwa mahadhi yao yalizaliwa pamoja na maneno. Mahadhi ya kuazima hayana huruma hiyo. Muziki wa usuli hauna shida hii hata kidogo. Dakika nne za Up ni zilezile Mombasa na Chicago.

Kama ningelazimika kupima, kipimo ningekitoa kwenye The Lion King ya 2019, kwa sababu ni jaribio ambalo hakuna maabara ingeweza kulipanga: nyimbo zilezile, Zimmer yuleyule, kisa kilekile, ila picha zinafanana na wanyama halisi. "I Just Can't Wait to Be King" ya 1994 iligeuza nyika kuwa rangi bapa na wanyama wakapandana kuwa mnara. Ya 2019 ni watoto wa simba wakikimbia kati ya wanyama majini. Wimbo wa mapenzi ya usiku unaimbwa jua likiwaka. "Be Prepared" imepunguzwa hadi karibu kuwa hotuba. Wimbo wa katuni, basi, ni kazi ya mchoraji sawa na ilivyo ya mtunzi; mchoro ukikataa kuota, wimbo unabaki uchi. Muziki wa usuli umehama na karibu nguvu zake zote.

Tazama mahali pamoja tu, Simba akikimbia jangwani kurudi kwao. Mwaka 1994 panasikika kwaya na ngoma, na mtazamaji anasukumwa mbele bila kuelezwa kitu. Mwaka 2019 mbio hizohizo zimewekewa "Spirit" ya Beyoncé, wimbo mpya, ambao tofauti na zile za zamani ungeweza kushindania Oscar ya nyimbo. Ni wimbo mzuri ukiusikiliza redioni. Jangwani unamweleza Simba ainuke wakati ameshainuka na yuko mbioni.