Mwangwi wa Sekunde Nne

Vijana wengi wa kompyuta hapa Dar wanatengeneza aplikesheni za kukopesha watu hela. Mimi natengeneza mwangwi. Wazee wakiniuliza nafanya kazi gani, najibu "niko kwenye mambo ya sauti," wao wanadhani naimba na wanaanza kunionea huruma. Kazi yenyewe ni kuandika plagini, vijiprogramu vinavyokaa ndani ya programu ya muziki na kuibadilisha sauti inayopita: kuipa mwangwi, kuinenepesha besi, kumfanya mtu mwenye mafua asikike kama hana. Tangu kampuni ya Steinberg ilipoleta VST, utaratibu wa kuchomeka plagini ndani ya programu za muziki, mwaka 1996, waandishi wengi wa plagini wamekaa kwenye lugha ya kompyuta iitwayo C++. Mimi nikaangukia Faust, lugha ya kompyuta ya mambo ya sauti iliyoanza kutengenezwa mwaka 2002 pale GRAME, kituo cha muziki cha mjini Lyon, Ufaransa. Nikiitaja kijiweni Sinza, swali ni lile lile: inalipa?

Inalipa kidogo, ila ina raha yake. Kwenye Faust huiambii kompyuta fanya hiki halafu kile. Unaeleza njia ya sauti tu: inaingia hapa, inapita pale, inatokea kule. Faust yenyewe inaigeuza njia hiyo kuwa C++ ndefu ambayo mimi, Mungu anisamehe, sijawahi kuisoma mpaka chini. Kuna alama moja ya kiwimbi ambayo kazi yake ni kuichukua sauti iliyokwisha kutoka na kuirudisha ilikoingilia. Ukishakuwa nayo, mwangwi mzima ni mstari mmoja:

process = + ~ (@(192000) : *(mrejesho));

Hiyo 192000 ni sekunde nne, maana sauti tunaipima mara 48000 kwa sekunde. Mrejesho ni kitelezi, kidude cha kusukuma cha kuamua sauti irudi kwa nguvu kiasi gani. Ukikiweka 0.5, neno linarudi baada ya sekunde nne likiwa nusu ya lilivyotoka, linarudi tena likiwa robo, hivyo hivyo mpaka linajifia lenyewe. Ukikiweka 1, halipungui hata chembe. Linazunguka humo ndani milele, na chochote utakachosema juu yake kinaingia kuzunguka nalo.

Ndiyo maana kitelezi changu nilikifunga kiishie 0.95. Fundi mitambo wa Mwananyamala aliyeniagiza ile plagini akanuna.

"Mdogo wangu, mia ni mia. Mimi nilipe mia, wewe unipe tisini na tano?"

Nikamweleza habari ya kuzunguka. Akanijibu kwamba yeye yuko kwenye mitambo tangu enzi za kaseti, mimi nikiwa sijazaliwa. Na hela yangu nusu alikuwa bado anayo mfukoni. Nikamfungulia kitelezi mpaka 1.

Plagini ikaenda kuzinduliwa kwenye sendofu, ukumbi mmoja wa Ubungo. Sendofu za mjini unazijua. Kamati imevaa sare, meza kuu ina mapambo mpaka bibi harusi haonekani vizuri, ndafu amesimamishwa na majani mdomoni. Wageni wa heshima ni upande wa bwana harusi, wamekuja kuangalia wanachukua binti wa watu wa aina gani. Mimi nilialikwa kwa kadi ya singo, nikae karibu endapo plagini itasumbua. Nilikaa karibu na chakula.

Ratiba ilishachelewa, kwa hiyo MC akaamua utambulisho uende sambamba na msosi. Maiki ikapita upande wa bwana harusi, mtu mmoja mmoja, jina na undugu. Ikamfikia shangazi. Shangazi wa kweli, kitenge kilichopigwa pasi kikapigika, miwani kwenye mnyororo. Akajitambulisha kwa kituo, kisha akapiga kigelegele kimoja cha kufungia. Fundi mitambo akaona hapo ndipo pa kuonyesha ufundi. Akasukuma mrejesho mpaka mwisho. Kigelegele kikarudi, kikarudi tena, ukumbi ukachangamka, makofi. Kabla hajakishusha, mtu akaja kumnong'oneza kwamba jenereta nje haina mafuta na umeme unachezacheza. Akatoka mbio na dumu.

Mezani alimwacha kijana wake wa kushika nyaya, na maagizo mawili: maiki inazimwa hapa, kingine chochote usiguse.

Shangazi akaketi, maiki bado mapajani, akamgeukia mama wa bwana harusi. Kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeongea na wifi yake:

"Umelichambua hili pilau? Mchele mtupu. Nyama hakuna!"

Spika zikasema. Ukumbi mzima ukaacha kutafuna. Shangazi mwenyewe akashtuka, akairudisha ile maiki kwa MC kwa vidole viwili. Ikapita kimya kifupi, watu wakaanza kujifanya hawajasikia, maana sisi watu wa pwani kusitiri tunajua. Zikatimia sekunde nne.

Kigelegele. "Mchele mtupu. Nyama hakuna!"

MC ni mtu wa maneno, akaona ayafunike kwa maneno. "Ndugu zetu, hiyo ni hitilafu ndogo tu ya mitambo!" Masikini hakujua alichokifanya. Duru iliyofuata ikaja hivi: kigelegele, "mchele mtupu," "hitilafu ndogo tu," "nyama hakuna!" Sasa ilikuwa inasikika kama upande mmoja unalalamika na mwingine unakiri. Mjomba wa bibi harusi, mwanajeshi mstaafu, akampora MC maiki akafoka, "Zima hiyo!" Nayo ikaingia. Tena yeye alikaa vizuri kwenye mapigo kuliko wote:

Mchele mtupu. Hitilafu ndogo tu. Nyama hakuna! Zima hiyo!

Watoto wakatoka katikati wakaanza kucheza. Meza ya marafiki wa bwana harusi ikashika kiitikio kwa vijiko.

Kijana wa nyaya alizima maiki, kama alivyoagizwa. Haikusaidia. Akachomoa waya wake. Haikusaidia. Akaukunja ule waya vizuri kabisa na kuuweka kwenye begi, akasimama pembeni mikono nyuma, kama mtu aliyemaliza zamu. Nilitaka kumpigia kelele kwamba maneno hayako kwenye maiki tena, yako ndani ya plagini, yana makazi yao huko. Lakini nilikuwa upande wa pili wa ukumbi, kwenye foleni, sahani mkononi, na mbele yangu wamama wawili na hotipoti. Nikapenya. Nikafika kwenye mixa. Kompyuta ya fundi imejifunga, inadai nywila. Nikatafuta kitelezi cha njia inayorudi kutoka kwenye kompyuta, na ndipo nilipogundua kwamba majina yote juu ya mixa yameandikwa kwa kalamu iliyokwisha kufutika kwa jasho la miaka.

Umeme ukakatika.

Sijawahi kuupenda mgao kiasi hicho. Giza, kimya, watu wanawasha tochi za simu. Shangazi nilimwona kwa mwanga wa simu ya mtu, anasali au anahesabu, sijui. Nikarudi zangu kwenye foleni. Kilichonipita ni kitu kimoja cha kawaida sana: mixa na spika zinakula umeme wa ukutani, ila kompyuta ina betri, na kile kisanduku cha sauti kinachoiunganisha na mixa kinakula kutoka kwenye kompyuta. Gizani mle, bila spika, duru zilikuwa zinaendelea kimyakimya, sekunde nne kwa sekunde nne, bila kupungua.

Nje jenereta ikakohoa, ikashika. Taa zikawaka. Watu wakapiga makofi, MC akainua mkono kushukuru, na spika zikapasua:

"Nyama hakuna! Zima hiyo!"

Sasa mwenyekiti wa kamati akapandwa. Akasimama mezani, hana maiki, ana mapafu. "Nyama ipo! Imenunuliwa Vingunguti alfajiri, risiti hii hapa mfukoni!" Akatembea kuelekea mlango wa jikoni, huku anajibizana na spika kila alipopata nafasi. Mimi nikarudi mbio kwenye mixa nikaanza kushusha vitelezi vyote kimoja kimoja. Nikakipata. Ukumbi ukatulia ghafla, kimya cha msikitini, na katika kimya hicho sauti ya mpishi ikasikika kutoka jikoni, wazi, bila plagini yoyote:

"Mwenyekiti, si ulisema nyama nyingi niiweke pembeni, ya kamati?"

Sitaeleza nyuso za meza ya kamati, waliovaa sare wanajijua. Ninachoweza kusema ni kwamba sufuria ilitoka imebebwa na watu wawili, na wa kwanza kupakuliwa alikuwa shangazi. Akaonja. Akafuta midomo. Akapiga kigelegele, na kwa tabia tu nikajikuta nahesabu mpaka nne.

Fundi aliingia akinuka dizeli, akakuta watu wanakula nyama kwa furaha na watoto wanaimba wimbo asioujua. Aliposimuliwa akanijia juu. "Mdogo wangu, mwangwi gani huu usiokata?"

"Mia ni mia, kaka."

Hela iliyobaki akanilipa usiku ule ule, nadhani ili nisiendelee kusimulia. Wiki iliyofuata akanipigia simu.

"Kuna mwenzangu wa Mbagala anaitaka shangazi."

"Shangazi yupi?"

"Si ile plagini! Huku mafundi wote wanaiita hivyo. Ila yake iwe ya sekunde nane, yeye shughuli zake nyingi ni za wanasiasa."

Nikafuta 192000, nikaandika 384000, nikamwambia atangulize nusu.