Msiloweke stempu za Kashmir

Mwandishi wa makala ya kukusanya stempu anashauri tuloweke bahasha kuukuu ili stempu zibanduke. Za Kashmir, mojawapo ya majimbo ya wafalme wa India enzi za Waingereza, hapana, ndugu yangu! Nyingi za mwanzo, kuanzia 1866, zilichapwa kwa rangi za maji. Ukizitumbukiza, rangi inabaki kwenye bakuli nawe unaambulia kikaratasi. Halafu kubandua kwa nini? Stempu ya Travancore, jimbo jingine la aina hiyo, ile ya ganda la konokono wa baharini, ilitumika ndani ya jimbo tu. Barua ya kwenda nje ya jimbo ililipiwa kwa stempu ya India ya Waingereza. Bila bahasha na mihuri yake, habari hiyo yote inapotea. Jimbo la Gwalior, wao walipiga chapa ya jina lao juu ya stempu za India, kama ilivyofanyika Zanzibar 1895. Hizo ndizo ninazozisaka.