Dhahabu ya Seoul 1988 haikuwa ya Warusi peke yao, mkumbukeni Narbekovas

Sisi Waafrika Olimpiki ya Seoul 1988 tunaikumbuka kwa Zambia na ni haki yetu kabisa, Kalusha Bwalya aliwatandika Italia goli tatu peke yake mechi ikaisha 4-0, na ile Italia haikuwa timu ya kubahatisha, golini alikaa Tacconi wa Juventus. Ila wengi hatukufuatilia Italia ile iliishia wapi. Ilijikusanya ikafika nusu fainali kule Busan, ikakutana na Wasovieti, dakika 90 zikaisha 1-1, alafu dakika ya pili tu ya nyongeza akatupia jamaa wa miaka 23 anaitwa Arminas Narbekovas. Mikhailichenko akaweka la tatu, Italia wakarudisha moja jioni kabisa, 3-2. Fainali Wasovieti wakampiga Brazili ya Romário 2-1, tena kwenye nyongeza, dhahabu hiyo.

Sasa muulize mtu yeyote nani alichukua dhahabu ile atakwambia Urusi. Hapo ndo panaponiuma, maana Usovieti ilikuwa muungano wa jamhuri nyingi, Urusi ikiwa moja tu kati yao. Mikhailichenko ni Muukraine, beki Ketashvili ni Mgeorgia, na kikosini kulikuwa na Walithuania wawili kutoka klabu ya Žalgiris ya Vilnius, Arvydas Janonis na huyu Narbekovas, kiungo mshambuliaji aliyezaliwa Gargždai, mji mdogo tu upande wa magharibi wa Lithuania. Kuwaita wote hawa Warusi ni kuwanyima kitu walichokitolea jasho, na kwa Lithuania ni kitu kikubwa sana maana soka kule siyo mchezo namba moja, namba moja ni basketi. Na bahati mbaya ya Narbekovas ni kwamba Olimpiki hiyohiyo timu ya basketi ya Wasovieti nayo ilibeba dhahabu ikiwa na Walithuania wanne, Sabonis, Marčiulionis, Kurtinaitis na Chomičius, na njiani wakawatoa Wamarekani. Utashindana vipi na stori kama hiyo? Mchezaji soka ana medali ileile shingoni lakini jina lake linatajwa wa tano.

Wanaomfahamu vizuri ni wale walioishi na ile Žalgiris ya miaka ya 80. 1987 ilimaliza ya tatu ligi kuu ya Usovieti, juu yake Spartak Moscow na Dnipro tu, sasa fikiria klabu ya jamhuri yenye watu milioni tatu na ushee inakaa mbele ya vigogo wenye jeshi, polisi na viwanda nyuma yao. Lile jina Žalgiris lenyewe linatokana na vita ya 1410 ambayo Walithuania na Wapoland waliwashinda mashujaa wa Kijerumani, kwahiyo timu inaingia uwanjani tayari imebeba kitu. Mechi na klabu za Moscow watu hawakwenda kuangalia mpira peke yake. Na katikati ya timu hiyo alikuwepo Narbekovas, mbele yake Valdas Ivanauskas anayemalizia.

Alafu ikaja 1990. Tarehe 11 Machi Lithuania ikajitangazia uhuru, Žalgiris ilishacheza mechi moja ya msimu mpya, ikajitoa kwenye ligi ya Usovieti moja kwa moja. Mimi nasema walifanya sawa, huwezi kutangaza nchi yako iko huru alafu Jumamosi unaenda kugombania pointi kwenye ligi ya aliyekutawala. Lakini tuwe wakweli, gharama ile hawakuilipa wanasiasa, waliilipa vijana wa miaka 24, 25 ambao ghafla wamebaki na ligi ndogo ya kwao. Narbekovas na Ivanauskas ikabidi waende Lokomotiv Moscow, alafu wakatua Austria Wien, klabu ileile iliyokutana na Žalgiris kwenye Kombe la UEFA 1988. Ivanauskas baadaye akapanda mpaka Hamburg akacheza Bundesliga. Narbekovas akabaki Austria, na jina lake halikuvuka mipaka tena kama lilivyopaswa.

Kwa timu ya taifa, mpaka Lithuania inarudi kwenye mechi za kufuzu Kombe la Dunia ni Aprili 1992 na yeye ana miaka 27. Mechi yenyewe Belfast, ugenini kwa Ayalandi ya Kaskazini, wanapigwa mbili za harakaharaka, anayeanza kurudisha ni nani? Narbekovas. Fridrikas akasawazisha, 2-2. Kwangu mimi goli lile lina uzito kuliko la Busan, maana safari hii jezi ilikuwa ya kwao. 2003 UEFA ilipoziambia nchi wanachama zichague kila moja mchezaji wake bora wa miaka 50, Lithuania ikamchagua yeye, na sioni ni nani mwingine wangempa.

Kuhusu ukocha naona anaonewa. Alirudi akafundisha soka nyumbani, na watu wanapenda kumlinganisha na Ivanauskas, ambaye 2006 alikabidhiwa Hearts ya Uskoti msimu ukiwa unaelekea ukingoni, akabeba Kombe la Uskoti kwa matuta mbele ya Gretna na kumaliza wa pili kwenye ligi, katikati ya Celtic na Rangers. Kazi nzuri, hongera yake, ila mbona hatusemi kwamba Hearts ile ilikuwa na pesa za Romanov, bosi mwenye benki Lithuania, na kikosi chenye akina Skácel na Jankauskas? Kocha wa klabu ya Lithuania anakaa na kijana mzuri msimu mmoja, miwili, alafu Poland au kwingineko wanamchukua, anaanza upya. Ukitaka kumpima kocha wa namna hiyo angalia vijana waliopita mikononi mwake walifika wapi, sio kabati la vikombe, na kipimo hicho hakuna anayejisumbua kukitumia kwa Narbekovas.