Maktaba ya maigizo Kampala: iwepo, lakini funguo zishikwe na wasanii

Mwanafunzi anayetaka kuandika tasnifu kuhusu michezo ya jukwaani ya Kiganda ya miaka ya 1960 na 1970 huanza kwa kutafuta watu, si vitabu. Atamtafuta muigizaji aliyekwisha zeeka, mtoto wa mwongozaji aliyefariki, fundi aliyewahi kushona maleba ya kundi fulani. Akibahatika, atateremshiwa mfuko wa karatasi kutoka juu ya kabati. Asipobahatika, ataambiwa karatasi zilitupwa familia ilipohama nyumba. Ndiyo maana naunga mkono wazo la Kampala kuwa na maktaba maalumu ya maigizo na sanaa za maonyesho, mahali pamoja panapokusanya miswada, kanda, picha, mabango na madaftari ya waongozaji. Wapo wasanii wanaolikataa wazo hili, na sababu zao nzito kuliko watetezi wa maktaba wanavyopenda kukiri.

Kwanza tuone kilicho hatarini. Mtunzi wa michezo Wycliffe Kiyingi alianzisha kundi la African Artists' Association mwaka 1954, wakati ambapo jukwaa la Kampala lilikuwa zaidi mikononi mwa vikundi vya Wazungu na Wahindi. Ukumbi wa Taifa wa maigizo ulifunguliwa mwaka 1959. Mwaka 1965 Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha kikundi cha maigizo cha kusafiri, kilichobeba michezo ya Kiingereza, Kiganda, Kinyoro-Kitooro na hata Kiswahili hadi kwa watu ambao wasingefika ukumbini. Mwaka 1971 ikaja idara ya muziki, ngoma na drama katika chuo hichohicho. Mtunzi na mwongozaji Robert Serumaga alitembeza kundi lake la Abafumi ng'ambo. Kundi la ngoma la Ndere Troupe lilizaliwa mwaka 1984. Katika miaka ya 1980 na 1990 Kampala ilijaa makundi ya maigizo, na watu walipanga foleni kununua tikiti za Bakayimbira na Ebonies kama wanavyopanga leo kwa tamasha la mwanamuziki.

Ni kiasi gani cha kazi hiyo kinaweza kusomwa leo? Kilichoandikwa kwa Kiingereza kina nafuu. "The Burdens" ya John Ruganda ilichapishwa mwaka 1972 na ikafika madarasani. Alex Mukulu aliona "Thirty Years of Bananas" ikitoka kama kitabu. Lakini sehemu kubwa ya michezo ya Kiganda, iliyojaza kumbi kuliko ile ya Kiingereza, ilibaki katika madaftari na nakala za taipureta. Mchapishaji hutazama soko la shule, na kwa miaka mingi drama iliyosomwa shuleni ilikuwa ya Kiingereza. Mchezo uliochekesha na kuliza maelfu ya watu ukakosa hata nakala ya pili.

Kisha kuna Byron Kawadwa. Mwanzoni mwa mwaka 1977 mchezo wake wa nyimbo, "Oluyimba lwa Wankoko", uliiwakilisha Uganda katika FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa Waafrika na watu weusi, mjini Lagos. Mchezo wenyewe unazungumzia mapambano ya kugombea kiti cha mtawala, na wakubwa wa wakati ule walijiona ndani yake. Baada ya kurejea nyumbani, Kawadwa, aliyekuwa mkurugenzi wa Ukumbi wa Taifa, alichukuliwa na watu wa Idi Amin na kuuawa. Mtu anapokufa hivyo, karatasi zake nazo huwa hatarini. Watu huficha, huchoma, huzika. Nani angethubutu kuweka mswada wake mezani?

Mswada wa mchezo wenyewe ni kitu gani? Watu wengi wakisikia neno hilo huwaza kitabu kidogo chenye majina upande wa kushoto na maneno upande wa kulia. Nakala ya mwongozaji haifanani kabisa na hicho. Nimewahi kushika moja, daftari la shule lenye jalada gumu, lililoandikwa kwa kalamu ya buluu na kusahihishwa kwa nyekundu. Pembeni mwa maneno ya mama mkwe paliandikwa mahali engalabi, ile ngoma ndefu, inapoingia na inapokaa kimya. Ukurasa mzima ulikuwa umepigwa mstari, na juu yake neno moja la Kiganda la kuagiza sehemu ile irukwe. Katikati ya kurasa mbili palikuwa na mchoro wa jukwaa, vitone vikionesha nani anasimama wapi. Kwenye jalada la ndani palikuwa na hesabu ya nauli za waigizaji. Mwanafunzi mwenye daftari hilo ataelewa mchezo ulivyotengenezwa, ulivyobadilishwa usiku hadi usiku, na hata ulivyogharamiwa. Hakuna toleo la duka la vitabu linaloweza kumpa hayo.

Sasa niwageukie wapinzani.

Hoja yao ya kwanza ni ya kisanaa. Wanasema maigizo yetu hayakai kwenye karatasi. Muigizaji mzuri wa Kampala huyasoma macho ya watazamaji na kuongeza mstari ambao haukuwepo jana. Michezo mingine haina maneno ya kuandika. "Amayirikiti" ya Serumaga iliendeshwa kwa mwili, ngoma na sauti, karibu bila mazungumzo. "Renga Moi" yake ilichanganya lugha kadhaa za Uganda pamoja na nyimbo na miondoko, kiasi kwamba maneno yakichapwa peke yake hayamfikishi msomaji popote. Ukijenga maktaba ya karatasi, wanasema, utakuwa umehifadhi ganda na kumwaga kiini. Mbaya zaidi, kilichoandikwa ndicho kitakachohesabiwa kuwa urithi, na kisichoandikwa, ambacho ndicho kingi zaidi huku kwetu, kitasahaulika mara ya pili.

Hoja hii naikubali karibu yote. Nisichokubali ni hitimisho lake. Inatuambia maktaba iwe ya namna gani, haituambii isiwepo. Maktaba ya sanaa za maonyesho ya New York imekuwa ikirekodi michezo ya jukwaani tangu mwaka 1970, na rekodi hizo ni hazina inayosimama sawa na vitabu vyake. Hapa nyumbani tuna mfano ulio karibu zaidi. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Uganda Museum, alirekodi muziki wa sehemu nyingi za nchi kati ya mwaka 1949 na 1954. Nakala za rekodi hizo zilikaa London kwa miongo mingi kabla ya kurudishwa Makerere, ambako leo kuna hifadhi yenye jina lake. Wimbo ambao mpigaji wake alikwisha kufa na kijiji chake kikausahau unaweza kusikika tena, na kijana anaweza kujifunza kuupiga. Wachsmann asingerekodi kwa kuogopa kwamba mashine haiwezi kunasa roho ya ngoma, leo tusingekuwa na ngoma wala roho yake. Kwa hiyo kanda za zamani za makundi, rekodi za michezo ya redio kama "Wokulira" ya Kiyingi kama bado zipo, na mahojiano ya saa nyingi na waigizaji wazee ndivyo vitangulie. Miswada ifuate.

Hoja ya pili ndiyo inayonisumbua. Ni hofu, na ina pande mbili.

Upande mmoja ni wizi. Kundi la Kampala huishi kwa mchezo wake. Mswada ukivuja, kundi jingine linaubadilisha jina, linaugeuza kidogo na kuupeleka Masaka au Jinja kabla mwenyewe hajafika. Ndiyo sababu waongozaji wengi hulala na miswada yao chini ya mto. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, lakini mtunzi anayeshindwa kulipia mazoezi atalipia vipi wakili? Ukimwambia alete daftari lake maktaba ili kila mtu alisome, kwa masikio yake umemwambia agawe shamba lake.

Upande wa pili ni dola. Nchi hii ina sheria ya michezo ya jukwaani na burudani za umma iliyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni, na Baraza la Vyombo vya Habari lina mamlaka ya kupitia mchezo kabla haujaoneshwa. Mwaka 2012 mtayarishaji mmoja Mwingereza alikamatwa Kampala baada ya mchezo "The River and the Mountain" kuoneshwa bila idhini ya baraza hilo. Kesi ilifutwa mwanzoni mwa mwaka uliofuata, kisha yeye akafukuzwa nchini. Kwa hiyo msanii wa Uganda amezoea kupeleka mswada wake kwa anayetaka kuupitisha au kuuzuia, si kwa anayetaka kuutunza. Aliyekua akisikia habari za Kawadwa hana wazimu anapouliza nani atakuwa na ufunguo wa chumba hicho.

Watetezi wengi wa maktaba hulipita swali hili harakaharaka. Hudhani kikwazo ni fedha, wakaandika maombi ya ufadhili, wakapata rafu na kompyuta, kisha wakashangaa rafu zimebaki tupu. Mimi naona bila jibu la hofu hii hakuna maktaba hata likijengwa jumba la ghorofa. Na jibu lipo. Kule New York rekodi za jukwaani haziazimwi wala hazinakiliwi. Mtafiti hueleza sababu yake, hukaa pale pale na kuitazama, kwa makubaliano na vyama vya wasanii. Sisi tunaweza kwenda mbele zaidi. Mwenye mswada abaki na mswada wake. Maktaba ipige picha kila ukurasa, imrudishie daftari siku hiyo hiyo, na imwandikie hati yenye tarehe. Hati hiyo itamfaa siku atakapodai kwamba mchezo umeibwa, kwa kuwa ushahidi wa nani alitangulia ndio unaokosekana siku zote. Mwenyewe aamue kama unasomwa sasa, baada ya miaka 10, au baada ya kufa kwake. Na bodi inayosimamia masharti hayo ichaguliwe na makundi yenyewe, pasiwe na mjumbe hata mmoja kutoka ofisi inayotoa vibali vya maonyesho.

Fedha nitazipitia kwa ufupi. Wanaosema shilingi hiyo iende kwanza kwenye taa, viti na posho za waigizaji wana haki ya kusema hivyo, maana jukwaa lenyewe linapumua kwa shida. Lakini chumba kikavu, mashine ya kupigia picha karatasi na mkutubi mmoja anayejua Kiganda na anayejua maigizo havitalinyang'anya jukwaa pumzi yake. Gharama ya kuogopa ni ile ya mwaka wa nne, mfadhili akishaondoka na mshahara wa mkutubi ukakosa mwenyewe. Asiyeweza kueleza mwaka huo utalipwaje asianze.

Mahali pa kuiweka napo pana mvutano. Wengine wanataka Ukumbi wa Taifa, kwa kuwa ndiko wasanii wanakopita kila siku. Wengine wanataka Makerere, kwenye wakutubi wenye ujuzi. Ukumbi wa Taifa umewahi kuandamwa na mipango ya kujengwa upya ambayo wasanii waliipinga. Jengo kuu la Makerere nalo liliungua Septemba 2020 pamoja na kumbukumbu nyingi zilizokuwa ndani. Mimi nasema mlango uwe Ukumbi wa Taifa, kwa sababu mwongozaji mwenye daftari mkononi hataupanda mlima wa chuo kujieleza kwa mlinzi, na nakala kamili ikae Makerere. Nakala ya tatu ikae nje ya Kampala kabisa, Gulu au Mbarara. Hilo litawakumbusha wasimamizi kwamba kuna michezo ya Kiacholi, Kilango na Kinyankore inayosubiri zamu yake.

Sisi tunaotumia Kiswahili nchini tuna sababu yetu ya ziada. Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha lugha hii iwe rasmi na ifundishwe kwa lazima shuleni. Mwalimu akitafuta tamthilia ya kuigiza na wanafunzi wake atakimbilia "Kinjeketile" ya Ebrahim Hussein au kazi nyingine kutoka Tanzania na Kenya. Ni kazi nzuri, zisomwe. Lakini mtoto wa Kampala au Soroti anastahili pia kuigiza kwa Kiswahili kisa kilichotungwa nchini mwake, na mfasiri hawezi kufasiri mchezo ambao maandishi yake hayaonekani. Ile michezo ya Kiswahili iliyosafiri na kikundi cha Makerere mwaka 1965 ingekuwa mwanzo mzuri, kama nakala zake zitapatikana.

Kuna na tarehe ya kuangalia. Kwa hesabu ya sheria ya 2006, ulinzi wa maandishi ya Kawadwa unafikia kikomo mwaka 2027, miaka 50 tangu auawe. Muziki wa "Oluyimba lwa Wankoko" ni wa mtunzi mwingine, Wassanyi Serukenya, kwa hiyo haki za muziki huo zina hesabu nyingine. Lakini ulinzi wa maandishi ukishakwisha, kundi lolote linaweza kuyachukua maneno ya Kawadwa na kuyapeleka jukwaani bila kumuuliza mtu. Warithi, wanamuziki na waigizaji waliobaki wakae pamoja kabla ya wakati huo, wakubaliane andiko lipi ni sahihi, na nakala ya kwanza kuingia katika maktaba hiyo iwe hiyo.