Ukiambiwa "lifanyie kazi", umepewa nini hasa?

"Naomba ulifanyie kazi." Maneno matatu tu, na ofisi nzima huendeshwa nayo. Anayeyapokea hajui kama amepewa uamuzi, uchunguzi, au lawama ya wiki ijayo. Ndiyo maana wapo wanaoicheka lugha ya uongozi na kutaka istilahi zake zifutwe, na wapo wanaoitetea.

Si kwamba maneno mahususi yamekosekana. Kukasimu ni kumpa mwingine sehemu ya madaraka yako. Mzizi wake wa Kiarabu ni wa kugawa. Kukaimu ni kushika nafasi ya mwenzako kwa muda. Kugatua ni kuyahamishia madaraka ngazi za chini. Wanasheria nao wana kanuni ya kale kwamba aliyekasimiwa hakasimu tena, isipokuwa ameruhusiwa. Kwa hiyo wanaoitetea lugha ya uongozi wana hoja: neno likiwa na mpaka wake, ugomvi hupungua.

Chukua jedwali la RACI linalotumika sana kwenye miradi. Linamtenga anayetenda kazi na anayeijibia, kisha wanaoombwa ushauri na wanaopewa taarifa tu. Watendaji wanaweza kuwa kumi, lakini wa kuijibia kazi anatakiwa awe mmoja. Kwetu neno "kuwajibika" huwafunika hao wawili wa kwanza kwa shuka moja: aliyefanya anawajibika, mkubwa wake naye anawajibika, na mambo yakiharibika kila mmoja humtazama mwenzake. Ndiyo maana napenda kusema "dhamana" kwa yule wa pili. Kazi inaweza kushuka ngazi hata tano. Dhamana haishuki nayo. Kampuni ikimpa mkandarasi kazi yake, hata ikimwita "mshirika wa kimkakati", mteja aliyeumizwa bado atagonga mlango wa kampuni.

Kinachonikera ni zao jipya: "chukua umiliki", "tunakuwezesha", "hii ni fursa yako ya kukua". Mwenye mali huuza, hubadilisha, hukataa. Mtu aliyeambiwa aumiliki mradi, ilhali kila malipo yanasubiri saini ya bosi na kila barua inarudi na wino mwekundu, anamiliki nini zaidi ya usiku wa kukesha? Hapo neno limepambwa ili mzigo usionekane. Na ni vigumu kulipinga, maana atakayeikataa "fursa" ataonekana mvivu.

Ila wakubwa nao husukumiwa. Mwaka 1974 William Oncken na Donald Wass waliandika katika jarida la Harvard Business Review juu ya nyani anayehama mabega, yaani mzigo wa kazi unaotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Aliye chini anasema, "Bosi, tuna tatizo." Bosi anajibu, "Niachie nilifikirie." Basi, nyani kesharuka. Ajabu yote imo ndani ya "tuna": tatizo lilikuwa la mmoja, likawa la wawili, likaishia kwa bosi. (Nami nimeitumia "tuna" hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.) Kwa hiyo lugha hii haidanganyi kutoka juu kwenda chini peke yake.

Sioni basi sababu ya kuzifuta istilahi zote, kama wanavyotaka wanaozicheka. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Yethro alimshauri Musa aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi: madogo wayaamue wenyewe, makubwa wamletee. Ushauri huo haukuwa na istilahi, ila mpaka ulikuwepo, na kila mkuu alijua palipo pake.

Mpaka huo ndio ninaoutafuta ninapoambiwa "lifanyie kazi". Siku hizi nauliza swali moja: "Nikiamua, nani anaweza kulitengua?" Nikijibiwa "mimi tu, na nitakwambia kwa nini", naanza kazi. Nikijibiwa "wewe endelea tu, tutaona", naomba nipewe kwa maandishi.