Kurt Masur na kipaza sauti cha Leipzig

Kiswahili hakijatupa jina zuri la kazi ya kusimama mbele ya wanamuziki wengi na kuwaongoza. Ukisema "kondakta" Dar es Salaam, mtu anaingiza mkono mfukoni kutafuta nauli. Basi niseme kiongozi wa okestra, ingawa neno "kiongozi" nalo lina mizigo yake. Kwa Kurt Masur, mizigo hiyo ndiyo hadithi yenyewe.

Alizaliwa mwaka 1927 huko Brieg, mji uliokuwa Ujerumani na leo uko Poland. Alijifunza ufundi umeme, huku akipiga piano na kinanda. Alipokuwa na miaka 16 hivi, ukano wa kidole kidogo cha mkono wa kulia ulianza kujikunja na madaktari wakaona hakuna la kufanya. Ndoto ya kuwa mpiga piano ikaishia hapo, akageukia kuongoza. Kijiti hakukishika, aliongoza kwa mikono mitupu.

Alipitia Dresden, Schwerin, kisha Komische Oper ya Berlin Mashariki, alikofanya opera, yaani maigizo ya kuimbwa, kuanzia 1960 hadi 1964 na mwongozaji Walter Felsenstein, mtu aliyetaka mwimbaji aigize kweli, si kusimama tu na kutoa sauti. Mwaka 1970 akakabidhiwa okestra ya Gewandhaus mjini Leipzig, akakaa nayo miaka 26. Gewandhaus maana yake ni jumba la vitambaa. Wafanyabiashara wa mji huo walianzisha maonyesho yao ya muziki mwaka 1743, na mwaka 1781 wakahamia kwenye jumba la wauza nguo. Jina likaganda.

Ukumbi uliofuata, wa mwaka 1884, ulipigwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili. Kwa miaka mingi okestra ilikuwa kama mpangaji kwa watu. Masur alihangaika mpaka akamfikia Erich Honecker mwenyewe, mkuu wa chama cha kikomunisti na dola ya Ujerumani Mashariki, na ukumbi mpya ukafunguliwa Oktoba 1981. Katika nchi ambayo raia wa kawaida alisubiri gari miaka kumi na zaidi, jumba la namna hiyo halipatikani bila kukubalika na wakubwa. Na alikubalika. Alisafiri nje, alipewa heshima, na kwa muda mrefu hakuwaudhi.

Sasa, tarehe 9 Oktoba 1989. Kila Jumatatu watu walikuwa wakitoka kwenye sala katika Kanisa la Mtakatifu Nikolai na kuandamana kudai mabadiliko. Jumatatu ile mji ulijaa polisi na askari, na hofu ilikuwa kubwa. Damu ya Beijing, ambako jeshi la China liliwapiga risasi waandamanaji, ilikuwa na miezi minne tu. Mchana huo Masur alikaa na watu watano: mwanatheolojia, mchekeshaji, na makatibu watatu wa chama wa mkoa. Wakaandika tamko fupi la kuomba utulivu na kuahidi mazungumzo huru juu ya mustakabali wa nchi. Masur ndiye aliyelisoma, na vipaza sauti vya mji vikalirusha mitaani. Watu wapatao 70,000 wakaandamana, na hakuna risasi iliyopigwa. Jioni hiyohiyo alikuwa na onyesho, akaenda kuliongoza. Mwezi mmoja baadaye, siku kwa siku, Ukuta wa Berlin ukafunguka.

Wapo wanaomwita shujaa na wapo wanaosema alikuwa kipenzi cha utawala aliyeruka dakika ya mwisho. Mimi naona wote wanakata hadithi nusu. Sauti ile ilisikika pande zote mbili kwa sababu ilikuwa imekaa karibu na wenye nguvu. Mpinzani wa miaka yote asingepewa kipaza sauti cha mji, wala makatibu wa chama wasingeketi naye mezani. Wala hakuzuka siku ile: miezi michache kabla, polisi walipowakamata wanamuziki wa mitaani Leipzig, aliitisha mjadala ndani ya Gewandhaus. Hilo halifuti miaka ya ukimya. Anayesema ukimya ule ulikuwa hekima ya kusubiri siku yake hanishawishi. Hakuna aliyejua siku hiyo ingefika. Alifaidika, na ilipofika saa ya kutumia alichovuna, akakitumia. Wengi waliovuna kama yeye hawakutumia kitu.

Mwaka 1991 akachukua New York Philharmonic, okestra yenye sifa ya ukorofi, akairudishia nidhamu. Siku chache baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 aliiongoza katika Rekwiemu ya Brahms, muziki wa kuomboleza wafu. Lakini tayari ilikuwa imeamuliwa kwamba 2002 ungekuwa mwisho wake pale, na hakuficha kwamba haondoki kwa hiari. Kazi yake ikaendelea London na Paris. New York bodi ikishaamua imeamua. Hapakuwa na Honecker wa kumwendea.