Wageni Wasioimba Walivyotumalizia Wimbo

Barua ilisema wageni hawaimbi. Marafiki kutoka Uingereza, basi dogo zima, wangekuja kuabudu nasi Jumapili hapa Vihiga, na karani wa kanisa alitusomea habari hiyo kwa sauti ya mtu anayesoma majibu ya hospitali. Hawaimbi! Mama mmoja wa sauti ya kwanza akauliza kama ni koo.

Si koo. Marafiki, ndio hao Wakweka, walianza Uingereza miaka ya 1650, wakati makanisa ya huko yalikuwa yakiimba zaburi zilizopangwa vina na mizani. George Fox, mwanzilishi wao, na wenzake hawakuzitaka. Unamkuta mtu ameshiba, amelala vizuri, mkulima mwenye ng'ombe wanane, anaimba na Daudi kwamba amelowesha kitanda chake kwa machozi. Huo, walisema, ni uongo wenye tuni. Robert Barclay, aliyeiandika imani yao kitabuni mwaka 1676, hakukataza kuimba moja kwa moja. Alichokikataa ni wimbo wa kupangiwa. Roho akikusukuma, imba.

Ndiyo maana mpaka leo wengi wao Uingereza huketi saa nzima kimya, bila mchungaji wala kwaya. Anayesukumwa husimama akasema maneno machache, pengine hata akaimba peke yake, kisha wote hunyamaza tena kitambo kabla mwingine hajasimama. Saa ikitimia, wazee wawili hupeana mikono, na hapo ibada imekwisha, watu wanakwenda kunywa chai. Hiyo ya mikono naomba uishike, maana ndiyo iliyotuponza baadaye.

Sisi Marafiki wa Kenya tulirithi mkondo mwingine. Wamisionari watatu Wamarekani waliofika Kaimosi, hapahapa Vihiga, mwaka 1902, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walitoka kwa Marafiki ambao uamsho wa karne ya 19 ulikuwa umeshawapa wachungaji, mahubiri na vitabu vya nyimbo. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na sidhani kama kuna hata mmoja anayeimba polepole. Kanisani kwetu kuna kwaya ya vijana, ya akina mama, ya watoto na ya wazee. Kila moja huahidi nyimbo mbili tu, na sijawahi kuziona zikiishia mbili.

Mwalimu wa kwaya alitaka kuwaheshimu wageni, akachagua wimbo wa Mkweka mwenzao: "Dear Lord and Father of Mankind", maneno ya John Greenleaf Whittier wa Marekani. Tungeuimba kwa Kiingereza ili wageni wafuate. Chaguo zuri sana, na lenye kichekesho ndani yake. Whittier alilelewa katika ibada ya kimya, hakuwa mtu wa muziki, wala hakukusudia kuandika wimbo. Mwaka 1872 alitoa shairi refu la beti 17 kuhusu makuhani wa kale wa India waliopika kinywaji kiitwacho soma ili walewe na kujiona wamefika mbinguni. Busaa ya kidini, kwa ufupi. Beti za mwisho zinamwomba Mungu atusamehe upumbavu huo na atupe utulivu. Mwaka 1884 mchungaji mmoja Mwingereza akazikata beti hizo za mwisho akazitia katika kitabu cha nyimbo. Kwa hiyo shairi la kuwasema watu wanaomtafuta Mungu kwa kelele likageuka wimbo, na sisi tukaliwekea kinanda, spika mbili na kayamba.

Jumapili ikafika. Kinanda kikatoa sauti ya kuanzia, tukaingia kwa nguvu zote. Mchungaji akawapungia wageni wasimame wajiunge. Kumbe wimbo huo wanaujua! Wengi wao waliuimba shuleni tangu utotoni. Mstari wa kwanza waliunong'ona, wa pili wakapata moyo, wa tatu wakaachilia. Mimi ni besi, nasimama nyuma, na nilisikia vizuri kwamba huko mbele kuna wimbo mwingine. Maneno ni hayohayo, tuni siyo. Sisi tulidhani wanaimba sauti ya pili ya Kizungu. Wao, waliniambia baadaye, walidhani ni sauti ya pili ya Kiafrika, wakaona adabu ni kuendelea.

Sababu yenyewe ni hii. Maneno yale yana tuni mbili maarufu, na zote zilitungwa na Waingereza. Ya kwanza huitwa Rest, ya Frederick Maker, 1887, nayo ndiyo iliyoshika Marekani na ndiyo tuliyofundishwa sisi. Ya pili huitwa Repton. Hubert Parry aliitunga mwaka 1888 kwa maneno mengine kabisa, na ikaja kuozwa kwa maneno ya Whittier mwaka 1924. Wamisionari wa Kaimosi walipofika, ndoa hiyo ilikuwa bado miaka 22 kufungwa. Kitabu kisichoandika jina la tuni juu ya wimbo hakitakuonya. Mwalimu wa kwaya akiwa na wageni, na awaombe waimbe mstari mmoja tu kabla ya ibada. Inatosha.

Tofauti ya tuni pekee tungeivumilia. Kilichotumaliza ni hesabu. Mstari kwa mstari, ubeti una mizani, yaani silabi, 8, 6, 8, 8, 6, jumla 36. Rest inaziimba hivyohivyo na kufunga. Repton inaurudia mstari wa mwisho, kwa hiyo ubeti wake ni mizani 42. Sisi tukaruka kwenye ubeti wa pili, wageni wangali wanarudia wa kwanza. Kila ubeti wakabaki nyuma mizani 6 zaidi. Mwalimu wa kwaya akapunga mikono yote miwili, mmoja wa kuongoza, mwingine wa kuzuia. Kijana wa kinanda ana sikio zuri mno, na balaa likaanzia hapo: mkono wa kulia akatufuata sisi, wa kushoto akawafuata wageni. Akina mama, kuona mambo yamelegea, wakaongeza makofi. Mwenye kayamba akafunga macho kabisa.

Beti tano mara 6 ni mizani 30. Tulipofunga wimbo kwa "sauti ndogo ya utulivu", tukiinguruma hadi mabati yakaitikia, wageni walikuwa ndio kwanza wako mstari wa pili wa ubeti wa mwisho. Tukaketi. Wakabaki wamesimama, watu wasioimba, katikati ya kanisa la Vihiga, peke yao, na mstari uliofuata kwao ulikuwa unaziomba hisia zinyamaze. Waliumaliza. Na wakaurudia ule wa mwisho, kama tuni inavyotaka.

Kisha wakaketi wakanyamaza, kwa kuwa kwao neno la ibada likishatoka huachiwa nafasi. Kwetu kimya kirefu maana yake waya umekatika. Fundi wa mitambo akashtuka: "Haloo, haloo. Moja, mbili. Maiki inasikika huko nyuma?"

Karani, kuokoa hali, akashuka kutoka mbele akiwa ametabasamu, akampa mkono mzee wa wageni kumpongeza kwa wimbo. Mzee naye akaupokea, akamgeukia jirani yake akampa mkono, jirani akampa mwingine, safu nzima ikaamka, wakachukua mikoba yao na kutoka nje kwa furaha kutafuta chai.

Mahubiri yalikuwa bado. Matangazo bado, sadaka bado, kwaya ya wazee ilikuwa ndiyo inajipanga. Jikoni akina mama wakakurupuka kwa sababu kuku hawajaiva, lakini chai ilikuwepo na mandazi yalikuwepo, basi wakamimina. Mchungaji, aliyeandaa ujumbe wa saa nzima, akasimama mlangoni na Biblia kwapani akiwarudisha mmoja mmoja na vikombe vyao. Mweka hazina, mtu asiyepoteza nafasi, akasimama kando yake na kapu la sadaka.